Mwanafunzi wa Nane

Barua ilikuja na mashua ya gesi,
imelowa, kama kila kitu kinachofika hapa:
shule yenye watoto chini ya wanane itafungwa.
Niliisoma nimesimama, maji magotini,
maana bamvua lilikuwa limepanda hadi ngazini
na gati letu, ubao mmoja na nusu, halikuonekana.

Nikahesabu. Kuhesabu si kazi ndefu Bocas de Amparo.
Nyumba kumi na moja juu ya nguzo,
nne hazina mtu, ila popo na kalenda.
Watoto saba.
Wa nane, Yurleny, mama yake alimchukua Jumanne
kwenda Buenaventura, na godoro, na kuku wawili,
na daftari langu la mahudhurio,
ambalo mtoto alidhani ni lake
kwa kuwa lilikuwa na jina lake.

Ningeiandikisha mvua. Haijakosa siku hata moja.

Usiku nilipita mlango kwa mlango na tochi.
Mzee Nemesio akanipa mjukuu:
“Andika Wilfrido. Surua ilimchukua,
lakini leo angekuwa na miaka tisa.”
Nikacheka kidogo. Kisha nikaona hacheki.

Asubuhi, kabla ya kengele
(kengele yetu ni rimu ya gari, na hatuna barabara,
asiyejua ilivyofika asiniulize mimi),
Eustaquia alikuwa dawati la mbele,
magoti yamekwama chini ya mbao,
tope la mikoko kwenye kucha,
nguo zinanuka moshi wa makumbi
anaowafukizia mbu akichokoa kombe.
“Niandike,” akasema. “Darasa la kwanza.
Sikulimaliza. Wala sikulianza.”

Nikamwambia fomu inataka mtoto.
“Na mimi ni mtoto wa mtu. Nitajie asiye.”
Nikamwambia fomu inataka tarehe ya kuzaliwa.
“Mwaka mto ulipohama mdomo.
Siku, sijui. Palikuwa na matope.”
Nikaandika hivyo hivyo, kwa wino.

Vidole vile, vinavyojua gizani, chini ya tope,
kombe lipi li hai na lipi ni ganda tupu,
vilishika penseli kama kisu.
Karatasi ilichanika mara nne.
Herufi a aliipenda: ina tumbo, akasema, imeshiba.
Herufi k aliichukia hadi Ijumaa.
Watoto walimfundisha kutoa,
naye akawafundisha kutukana bila kufungua mdomo.

Wiki ya sita akaniuliza,
kama mtu anayeulizia bei ya chumvi,
dazeni ni ngapi.
Kumi na mbili, nikasema.
Hakujibu. Alifunga daftari, akafunga kilemba,
akashuka ngazi katikati ya somo.

Nilimfuata hadi kwenye mashua ya mnunuzi.
Miaka arobaini amewauzia, baba na sasa mwana,
na dazeni ya ukoo huo ina kombe kumi na nne.
Alipanga makombe ubaoni, moja moja, kwa sauti,
alipofika kumi na mbili akaweka mkono juu yake.
Mawili yaliyobaki akayarudisha kikapuni.
Yule kijana alitazama injini.
Wanawake wengine, watatu, nao wakatazama injini.
Ndio wote tulionao.

Majibu ya fomu hayajaja.
Mashua ya gesi imechelewa siku tisa,
na chaki iliisha kabla ya gesi.
Eustaquia anafanyia kazi ya nyumbani
ubavuni mwa mtumbwi wa marehemu mumewe,
uliooza, ukapandishwa juu ya vigingi,
ukajazwa udongo, ukaoteshwa vitunguu.
Anaandika kwa mkaa. Mvua inafuta.
Jana niliwahi mstari mmoja kabla haujatoka:
12, 12, 12, na chini yake, k imeinama vibaya,
kombe.
Nilitaka kumsahihisha ile k.
Nikaona ameshainama kuchuma kitunguu cha mchana.